Gurudumu la Nyuma

Ungesimama alfajiri kwenye barabara ya kutoka mji mdogo wa Kwanza kuingia Kitale ukawauliza wachukuzi wa maziwa ni nani kati yao mwenye woga, wote wangekutajia Wabwile, tena kwa kicheko. Walimwita Pembeni. Wenzake walikata katikati ya lami wakishindana na pikipiki, mitungi ikigongana kwenye keria, wakipiga miluzi. Wabwile alishika ukingo, pale lami inapokwisha na changarawe kuanza, na hakuuacha hata barabara ikiwa tupu. Nyuma ya keria alifunga reflekta nyekundu, na kila Jumapili baada ya kanisa aliipangusa kwa kitambaa safi kana kwamba ni miwani ya mama mkwe wake. Wakimtania hakukasirika. Alisema mwenda pole hajikwai, akakanyaga pedali.

Basi ni huyu mwenda pole aliyegongwa.

Lakini kabla ya kugongwa kuna Hillary, na bila Hillary habari hii ingekuwa fupi kama nyingine za barabara ile. Wote wawili walizaliwa upande wa Kimilili, maboma yao yakipakana. Agosti moja ya tohara walipakwa matope mtoni asubuhi moja, wakasimama mbele ya kisu kimoja, na hakuna aliyepepesa jicho. Kwa Wabukusu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki, na bakoki si rafiki tu. Rafiki unaweza kumchoka. Bakoki anaingia kwako bila hodi, anafunua sufuria kuona kuna nini, anamtania mkeo nawe unacheka naye. Tangu siku ile ya mto Wabwile na Hillary hawakuitana tena kwa majina. Ilikuwa bakoki asubuhi, bakoki jioni, hata mbele ya watoto.

Wabwile ndiye aliyetangulia kwenda Kitale kutafuta maisha. Hillary alibaki Bungoma mjini akitengeneza baiskeli chini ya mwavuli uliotoboka, na siku nyingi alikuwa akiutengeneza mwavuli kuliko baiskeli. Habari ilipofika kwamba analala na njaa, Wabwile alikwenda mwenyewe Bungoma kumchukua. Akamlaza sebuleni kwake mtaa wa Matisi msimu mzima wa mahindi, mkewe Nasike akiwapikia wote bila kunung'unika, ingawa alikuwa na la kunung'unikia, maana Hillary alikuwa mlaji. Wabwile aliwaambia wachukuzi wote wa maziwa kwamba ringi za magurudumu yao sasa zina fundi. Kando ya barabara ya Kwanza, karibu na ghala la Nakhungu mnunuzi wa mahindi, Hillary akatandika gunia lake chini akaanza kazi, na mikono yake kweli ilikuwa mizuri.

Asubuhi ya ajali kulikuwa na ukungu. Wabwile alisikia injini nyuma yake, akazidi kuingia ukingoni mpaka magurudumu yakawa kwenye changarawe. Kisha akajikuta mtaroni, mguu wake mmoja umeelekea asikouelekeza. Ilikuwa pikapu ya Nakhungu, dereva wake akiwahi magunia kabla bei haijashuka. Maziwa yalitapakaa lami yote. Mbwa wa shamba la jirani walikuja kuyalamba kabla watu hawajafika, na baadaye kitu alichokikumbuka Wabwile kuliko maumivu ni ndimi za wale mbwa.

Watu walijaa, wakautazama mguu. Hakuna aliyeitazama baiskeli. Hillary, ambaye gunia lake halikuwa mbali, alifika akikimbia, akalia machozi ya kweli, akasaidia kumpandisha bakoki wake kwenye gari la msamaria. Halafu akaichukua baiskeli begani, peke yake, ili isiibwe.

Sasa wachukuzi wa maziwa wa barabara ile wana desturi yao, na hakuna anayejua ilianza na nani. Mwenzao akianguka, baiskeli yake hailazwi. Inatengenezwa haraka na kusimamishwa mlangoni pake kabla hajatoka hospitali, ili akirudi aikute imesimama, naye asimame. Kuiacha imekunjika ni kumtakia kitanda. Kwa hiyo Hillary aliinyoosha ringi ya nyuma, akabadilisha spoki, akatupa vipande vya reflekta ya zamani, akafunga mpya. Wenzake wakachanga rangi, wakaipaka. Afande wa trafiki alipokuja siku kadhaa baadaye kuiulizia, alionyeshwa baiskeli nzima inayong'aa. Alitikisa kichwa akaenda zake, na watu wakamcheka kwamba amechelewa.

Wabwile alirudi nyumbani kwa magongo, chuma kimewekwa pajani, akaikuta imesimama mlangoni. Alilia. Nasike hakuwa amewahi kumwona akilia, hata walipozika mtoto wao wa kwanza. Jioni hiyo walimchinjia Hillary jogoo, na Hillary akala mpaka akafungua mkanda.

Baiskeli Wabwile hakuipanda tena, goti lilikataa. Nakhungu, ambaye ni mzee wa kanisa, alituma mkungu wa ndizi pamoja na pole, lakini hakutuma neno la kukiri. Dereva wake alieleza polisi kwamba mwenye baiskeli alichomoka pembeni ghafla, akaingia katikati ya barabara mbele ya gari, tena bila reflekta. Kilichomuuma Wabwile si mguu peke yake. Ni lile neno, katikati. Miaka yote ile ya kuchekwa kwa kukaa pembeni, halafu mtu mmoja aseme alikuwa katikati.

Ndipo akaenda kwa wakili mjini Kitale. Wakili mwenyewe aliitwa Chepchumba, mwanamke kijana wa sauti ya chini, asiyependa kuahidi. Alimweleza kwamba mbele ya sheria baiskeli ni chombo cha barabarani kama lori lilivyo. Anayeiendesha ana haki yake ya lami, na anayekuja nyuma ndiye anayepaswa kumpa nafasi. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye baiskeli awe na cha kumulika nyuma, na mahakama mara nyingi hupenda kugawa kosa, kipande cha dereva na kipande chako. Wabwile alisema hakuja kugawiwa. Fidia aliitaka, hakuwa mjinga, mguu ulidai daktari na binti yake Nanyama alidai shule. Ila kwanza alitaka hakimu atamke, na iandikwe, kwamba yeye alikuwa pembeni.

Chepchumba akaomba picha za baiskeli ilivyokuwa baada ya ajali. Wabwile akamweleza, kwa fahari kabisa, jinsi wenzake walivyoisimamisha. Wakili alivua miwani akaishika.

"Mzee Wabwile," akasema, "hao rafiki zako wamekuoshea ushahidi wako wote."

Alimfafanulia polepole. Ringi ya nyuma ikiwa imekunjika, maana yake amegongwa kutoka nyuma akienda zake. Ya mbele ikiwa imekunjika, maana yake huenda aliingia mbele ya gari. Gurudumu lile lilikuwa shahidi asiyeweza kusema uongo, na sasa limenyooshwa na kupakwa rangi. Aliyelishika likiwa limekunjika ni mtu mmoja tu duniani.

Wabwile karibu acheke kwa kupata nafuu. Kama ni hivyo tu, mtu mwenyewe si ni Hillary?

Hillary hakusita. Alikuja ofisini kwa Chepchumba na mikono yake ya grisi, akaeleza kwamba ringi ilikuwa ya nyuma na reflekta ilikuwa vipande, akatia sahihi. Wakishuka ngazi alimshika Wabwile mkono kwa sababu ya lile gongo. "Hiyo ringi nimeshika na hii mikono yangu, bakoki," akasema. "Nitasema mbele ya mtu yeyote. Si wewe ndiye ulinitoa Bungoma?"

Kesi za barabarani zina mwendo wake, na si mwendo wa pikapu. Siku moja dereva hakufika, siku nyingine wakili wa bima alikuwa Eldoret, mara hakimu yuko likizo. Wabwile alizoea kuvaa koti lake la kanisa, kukaa kwenye benchi la mahakama, na kurudi nyumbani bila kuitwa. Katika kusubiri huko, gunia la Hillary likawa meza. Meza ikawa kibanda cha mabati mapya chenye mlango na kufuli, kimeegemezwa kwenye ukuta wa ghala la Nakhungu. Wabwile alipokiona alifurahi kutoka moyoni, akamtania kwamba sasa panya wa Nakhungu watakuwa wateja wake. Hillary alicheka, ila alicheka akitazama spana.

Nasike ndiye aliyeuliza. "Baba Nanyama, hiyo mabati imetoka wapi?"

"Mtu akifanya kazi hawezi nunua mabati?"

"Anaweza. Lakini kwa ukuta ya Nakhungu?"

Wabwile alimkaripia vibaya siku hiyo. Alimwambia asimseme bakoki wake hivyo, kwamba yeye hakuwa mtoni. Nasike akarudi kwenye sufuria zake, kwa sababu kweli hakuwa mtoni. Lakini alikuwa ameona kitu kingine ambacho mumewe alikiona pia na kukipa maana njema. Hillary siku hizi akija alisimama nje akabisha hodi. Hakufunua tena sufuria. Wabwile alisema kibanda kimemfundisha adabu. Laiti angeuliza ni tangu lini bakoki akahitaji adabu.

Siku ya kusikilizwa ikafika kweli. Wabwile alitoa ushahidi wake vizuri. Alisema alipokuwa, alivyosikia injini, alivyoingia changaraweni. Wakili wa upande wa pili, bwana mmoja mpole aitwaye Mbugua, alimuuliza kama aliliona gari. Hakuliona, lilikuwa nyuma. Basi alijuaje lilikuwa wapi? Wabwile hakulijali swali hilo, shahidi wake alikuwa nje kwenye benchi.

Hillary aliingia na shati jipya, akaapa. Alipoulizwa na Chepchumba alikubali kwamba maelezo yaliyoandikwa ni yake na sahihi ni yake. Kisha akasimama Mbugua.

Aliuliza reflekta iliyo kwenye baiskeli ile ilifungwa na nani. Hillary akasema ni yeye. Na kabla ya kuifunga, aliona nyingine? Hillary aliinua macho akaitazama feni ya dari, ambayo haikuwa ikizunguka. "Sikuona," akasema.

Wabwile alidhani hakusikia vizuri. Akaegemea mbele.

"Na ringi uliyoinyoosha ilikuwa ipi?"

"Ya mbele."

Kuna maumivu yanayokuja polepole kama baridi ya mlimani, na kuna yanayokupiga mara moja. Haya yalikuwa ya kupiga, na jambo la kwanza alilofanya Wabwile, masikini, ni kumwonea Hillary huruma. Alifikiri amechanganyikiwa kwa hofu ya mahakama. Alitaka kumwinulia mkono, amwonyeshe nyuma, bakoki, ya nyuma.

Chepchumba alisimama akiwa na ile karatasi, akamsomea maneno yake mwenyewe. Hapa umesema ya nyuma. Ulikuwa unasema uongo siku ile au leo? Hillary alipangusa uso. Akasema siku ile alisema alichoombwa kusema.

"Na kwa nini ukubali kusema alichokuomba?"

"Ni bakoki wangu," Hillary akasema. "Tulitahiriwa pamoja. Kwetu bakoki hanyimi mwenzake. Singeweza kukataa."

Hakimu akainua kichwa, akaomba afafanuliwe neno hilo bakoki. Hillary akalifafanua vizuri mno. Alieleza mto, matope, kisu, jinsi waliotahiriwa pamoja wanavyoingia nyumbani kwa mwenzao bila hodi, jinsi walivyo mtu mmoja. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Wabwile alikaa kwenye benchi akiwa na gongo lake, akisikiliza kitu alichokipenda kuliko vyote maishani kikitumiwa kuimaliza kesi yake, na hakimu akiandika. Waliotuachia msemo kwamba fadhila ya punda ni mashuzi walimwonea punda bure.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma kadhaa. Hakimu alisema ushahidi wa mlalamikaji mwenyewe unaonyesha baiskeli iligongwa gurudumu la mbele, na kwamba haikuwa na reflekta. Maelezo ya kwanza ya shahidi wake yalitokana na kifungo cha mila. Kwa hiyo yaelekea mlalamikaji aliingia katikati ya barabara. Kesi ikatupwa. Chepchumba alimweleza juu ya rufaa, lakini kwa uaminifu alimweleza pia kwamba rufaa husoma yaliyokwisha kuandikwa, na kilichoandikwa ni ya mbele. Alimwomba radhi. Wabwile akamwambia madam, si wewe.

Aliporudi kwa wachukuzi wa maziwa, walimpa pole, wakampa kiti. Mmoja wao, Aziz, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, siku hiyo alimsalimu kwa jina lake kamili, kwa heshima. Kesho yake pia, na wote wakafuata. Hakuna aliyemwita tena Pembeni. Walidhani wanamwonea huruma. Yeye alilala kitandani akijiuliza kama labda sasa nao wanaamini, na swali hilo lilimuuma kuliko paja.

Hillary hakukaa Kitale. Ilisemwa amerudi Bungoma kuwa karibu na mama yake. Ilisemwa pia kwamba Nakhungu ana stoo huko, na kwamba kona yake moja imepata fundi. Miezi ikapita. Halafu siku moja ya soko Wabwile akaifungua baiskeli pale mlangoni ilipokuwa imefungwa, akaipangusa, akamwambia Nasike anaipeleka kwa fundi.

"Fundi gani? Hiyo baiskeli iko sawa."

"Ndiyo maana," akasema.

Nasike alielewa. Alimpa nauli, akamfungia na viazi vitamu vya njiani.

Baiskeli ilipandishwa juu ya gari, ikashushwa Bungoma mjini, na Wabwile akaikokota akichechemea mpaka kwenye ile stoo. Hillary alikuwa amenenepa. Alikuwa na wateja, mzee mmoja aliyeleta cheni na mama aliyetaka breki. Alipomwona Wabwile aliweka spana chini, akaichukua tena.

"Bakoki," akasema.

"Nimekuja unirudishie baiskeli yangu."

"Si ndiyo hiyo umeshika?"

"Hii ni ile ulinitengenezea. Nataka ile niligongwa nayo." Wabwile alisema bila kupandisha sauti. "Ikunje vile uliikuta."

Hillary alijaribu kucheka. Akasema aache mchezo bana, watu wako hapa. Wabwile akasema hachezi. Kwamba hana kesi tena, hana wakili, hakuna anayeandika. Kwamba amekuja kwa fundi kama mteja yeyote, na kazi anayoitaka hakuna fundi mwingine awezaye kuifanya. Mzee wa cheni alitazama ile baiskeli nzuri, akauliza kwa mshangao ringi nzima inakunjwa ya nini.

Hillary alitazama barabarani, akatazama mlango wa stoo. Mwishowe aliichukua, labda kwa sababu mikono ya fundi haijui kukaa mbele ya baiskeli bila kuigusa. Aliipindua kama wafanyavyo mafundi, tandiko na usukani chini, magurudumu juu. Akachukua nyundo. Kisha mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe, bila kutafuta, kwenye gurudumu la nyuma. Kidole gumba kilipita juu ya ringi, kikapita spoki mbili tatu, kikasimama mahali ambapo chini ya rangi chuma bado kilikuwa na kovu. Kikakaa hapo.

Ndipo alipotambua mkono wake uko wapi. Hakuutoa. Pengine alijua kwamba kuutoa kungekuwa uongo mwingine, na huu angeusema macho kwa macho.

Wabwile aliutazama ule mkono. Alikuwa amefikiri njia nzima kwamba akiuona atapata nafuu, na hakupata. Alipata tu uhakika kwamba Hillary hakusahau hata kidogo, kwamba pale mahakamani, akiitazama feni, alikuwa anaijua ringi hii mpaka spoki yake.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Akageuza gongo lake kuelekea barabarani. Hillary aliiacha nyundo, akatoka nyuma ya baiskeli, akamfuata hatua chache. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli kama yale ya siku ya mtaro.

"Bakoki, ngoja. Bakoki, si unajua vile nilikuwa nimeb—"

"Niite Wabwile," Wabwile akasema.

Akaenda zake akishika ukingo wa lami, upande wa changarawe, mahali pake, na baiskeli akaiacha pale ilipopinduliwa.